Waya Unaopita Bawabani

Kabla ya kamera kulikuwa na kiganja. Gari likirudi nyuma kutoka kwenye kona ya Shangani au pembezoni mwa Malindi, hujitokeza mtu akasimama nyuma yake, akaweka mkono kwenye bodi na kuanza: "Njoo, njoo, njoo... lete kushoto... njoo." Kofi moja zito kwenye bati maana yake basi, simama. Si lazima awe anajuana na dereva. Huenda ni hamali anayepumzika, muuza kahawa, au mzee wa barazani anayeona kwamba asipolisaidia gari lile kuondoka litamharibia mazungumzo. Huduma hiyo haina malipo na haijafa. Ila saa sita za usiku haipatikani, mbele ya nyumba ya wageni Jambiani mvua ikinyesha haipatikani, na haimfuati dereva nyumbani kwake Mbweni, ambako watoto wa jirani hucheza nyuma ya gari lililosimama.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulijengwa kwa ajili ya miguu, punda na mizigo ya mabegani. Magari yameachiwa njia chache: Mizingani kando ya bahari, Barabara ya Kenyatta inayoingia Shangani, Vuga, na Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wengi bado wanaiita Creek Road, inayopita Darajani kati ya mji na Ng'ambo. Nje ya hizo, gari dogo huingia hatua kadhaa tu kabla njia haijabana, na pa kugeuzia hapana. Lililoingia kwa mbele litatoka kwa nyuma.

Halafu kuna baraza. Wageni huzipiga picha, madereva huziogopa. Benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba lina kimo cha kiti, yaani liko chini ya ukingo wa kioo cha nyuma cha gari karibu lolote. Kwenye kioo cha ndani halionekani kabisa. Kwenye vioo vya pembeni huonekana vizuri sana, dakika moja baada ya bampa kuligusa.

Gari linalogusa, mara nyingi, ni dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake: Toyota Vitz, IST, Passo, Nissan March, Suzuki Swift. Mtu angedhani gari fupi halina haja ya kamera. Vitz ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 1999, ina urefu wa mita 3.6 tu. Lakini upofu wa nyuma hautokani na urefu wa gari. Unatokana na kimo cha ukingo wa kioo cha nyuma, upana wa nguzo za pembeni mwa kioo hicho, na vichwa vya viti. IST, kipenzi cha Watanzania wa pande zote mbili za bahari, ina ukingo wa juu na nguzo nene. Mtoto wa miaka miwili akisimama nyuma yake hutoweka, na dereva aliyenyoosha shingo hadi ikauma bado hamuoni.

Ni mtoto wa umri huo aliyebadilisha sheria ya Marekani. Mwaka 2002, katika jimbo la New York, Cameron Gulbransen mwenye miaka miwili aligongwa na kufa uani kwao, gari likiendeshwa na baba yake mzazi, ambaye kazi yake ni udaktari wa watoto. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilipitishwa na kutiwa saini mwanzoni mwa 2008. Kanuni za utekelezaji zikatoka 2014. Na kuanzia Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa Marekani lazima liwe na kamera ya nyuma. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilikadiria kuwa ajali za kurudi nyuma ziliua watu wapatao 210 kwa mwaka, karibu theluthi moja wakiwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kanuni hiyo inataka kamera ione eneo la mita 3 kwa mita 6 hivi nyuma ya gari, na picha itokee ndani ya sekunde 2 tangu gia ya rivasi iingie. Sekunde hizo mbili zikumbukwe, maana fundi wa Unguja atazihitaji baadaye.

Chombo chenyewe ni cha zamani kuliko sheria. General Motors ilionyesha gari la maonyesho la Buick Centurion mwaka 1956 likiwa na kamera ya televisheni nyuma na kiskrini mbele ya dereva, badala ya kioo. Halikuuzwa. Toyota ndiyo iliyoipeleka kamera sokoni, mwaka 1991, kwenye Soarer iliyouzwa Japani, kamera ikiwa imefichwa kwenye spoila. Japani yenyewe ilianza kulazimisha kifaa cha kuona nyuma kwa miundo mipya ya magari Mei 2022. Kwa hiyo gari lililotengenezwa 2005 au 2010, likatumika Nagoya au Osaka, likauzwa mnadani na kushushwa bandarini Malindi, kwa kawaida halina kamera. Na lile lililokuwa nayo, mara nyingi limeshaipoteza kwa njia ya ajabu kidogo.

Njia hiyo ni redio.

Gari la Kijapani huja na redio iliyotengenezwa kwa masafa ya Japani, yaani FM ya megahezi 76 hadi 90 kwa magari ya zamani. Masafa ya kwetu huanza 87.5 na kufika 108. Kinachobaki ni kipande chembamba kati ya 87.5 na 90, na vituo vingi viko juu ya hapo. Menyu ni ya Kijapani. Ramani ni ya Japani. Dereva akiwa Bububu, skrini inamwambia yuko katikati ya bahari au haimwambii lolote. Mbaya zaidi, redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga betri ikichomolewa, na betri huchomolewa mara kwa mara njiani kutoka Yokohama hadi Zanzibar. Ikiwashwa tena inadai kadi ya ramani au namba ya siri, na vyote viwili vimebaki kwa mmiliki wa kwanza.

Basi redio inang'olewa. Mahali pake inawekwa ya Android yenye skrini ya inchi 7 au 9, inayosoma simu, inayocheza taarabu na Qur'ani kutoka kwenye fleshi, na yenye tundu la njano mgongoni lililoandikwa CAMERA. Hapo ndipo wenye magari wengi hukutana na kamera kwa mara ya kwanza. Walikwenda kutafuta redio inayoshika vituo vya Unguja, muuzaji akawaambia kwa nyongeza ndogo wataona na nyuma. Aliye na Toyota iliyokuja na kamera ya kiwandani naye huambiwa aitupe, achukue mpya, na ushauri huo si hila ya biashara kila mara: kamera nyingi za kiwandani za Toyota za miaka hiyo hupewa volti 6. Fundi akiiunganisha moja kwa moja kwenye volti 12 za taa, anaiua papo hapo. Kipo kifaa cha kushusha umeme, ila muuzaji mwenye kukiweka dukani si rahisi kumpata.

Kamera zenyewe ni za aina tatu kwa mwonekano. Ipo inayokaa juu ya kibao cha namba kwa skrubu zilezile za kibao. Ipo inayochukua nafasi ya taa ya kibao cha namba, ikiwa na taa yake ndani. Na ipo ndogo ya duara, ya kutoboa, inayozama kwenye bampa au kwenye mlango ikabaki jicho tu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopendeza macho, na kisiwani ndiyo ya kuepukwa. Tundu lililotobolewa kwenye bati ni bati lililovuliwa rangi na kinga yake. Unguja hakuna sehemu iliyo mbali na bahari. Kusi na kaskazi zote hubeba chumvi, na gari linalolala Paje au Nungwi hulamba chumvi usiku kucha. Ukingo wa tundu usipopakwa rangi ya kuzuia kutu siku ileile, masika moja inatosha kuutia wekundu. Bampa ya plastiki haina shida hiyo, lakini iko chini sana: kamera huona matope na visigino.

Kwenye paketi huandikwa IP67 au IP68. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii. Ya pili inahusu maji: 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, 8 ni zaidi ya hapo, kwa kiwango anachotaja mtengenezaji mwenyewe. Jambo lisiloandikwa ni kwamba majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Pia namba hizo zinahusu kichwa cha kamera, wala hazisemi lolote kuhusu plagi ndogo inayoning'inia sentimita chache nyuma yake, na humo ndimo maji yanamopita kwanza.

Mpaka hapa kazi haijaanza. Kuifunga kamera yenyewe ni skrubu mbili. Kuunganisha umeme ni waya mbili. Kinachotenganisha fundi na mbabaishaji ni nusu mita ya waya inayotoka kwenye mlango wa nyuma kuingia kwenye bodi.

Mlango huo unaning'inia kwenye bawaba mbili juu. Kando ya bawaba kuna mpira mweusi wenye mikunjo, mnene kama kidole gumba, unaobeba waya za kiwandani: za waipa ya nyuma, za kuyeyusha ukungu kwenye kioo, za taa ya namba na za kufuli. Mpira huo umeshajaa. Ncha zake zote mbili zimebana kwenye matundu ya bati ili maji yasipite. Waya wa kamera una plagi nene ya njano kichwani, na ndani ya mpira ule plagi hiyo haina njia. Mbabaishaji hutazama, hupima, kisha huupitisha waya nje, kwenye upenyo kati ya mlango na bodi, na kuufunga mlango juu yake. Picha inatokea, mwenye gari anafurahi na fedha inahesabiwa. Baada ya wiki chache mlango umeshauponda waya mara mamia, maji ya mvua yanafuata njia ya waya hadi kwenye zulia la buti, na siku moja skrini inakuwa buluu.

Fundi wa kweli huuchomoa mpira ncha zote mbili. Hupaka maji ya sabuni ndani, husukuma waya mgumu mwembamba kutoka upande wa bodi hadi utokeze upande wa mlango, kisha hufunga waya wa kamera kwenye ncha yake kwa tepu, plagi zikiwa zimepishana zisipite pamoja, na kuvuta taratibu. Upande wa kuvutia huchaguliwa kwa ncha yenye plagi ndogo. Kama kamera ina kiunganishi chembamba cha pini, hicho ndicho kinachopita, na plagi ya njano inabaki upande wa bodi ambako haina haja ya kupita popote pembamba. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote zikijumlishwa, na mteja aliyesimama pembeni huona kama mtu anacheza na mpira. "Fundi, bado tu?" Bado, na afadhali iwe bado.

Kutoka hapo safari ni ndefu kuliko gari lenyewe. Waya unaokuja na kamera huwa na mita 6 hivi, na kwenye Vitz ya mita 3.6 mtu angetarajia ubaki mwingi. Lakini lazima upande hadi bawabani, ushuke kwenye nguzo ya nyuma, ulale chini ya plastiki za vizingiti vya milango, uzunguke chini ya deshibodi na kupanda tena hadi nyuma ya redio. Mambo mawili ya kuangalia njiani: usipite mbele ya mfuko wa hewa wa pembeni kwa gari lililo nao, na usikaribie kifaa kinachorudisha mkanda wa kiti. Plastiki za vizingiti hubanwa na klipu ambazo, baada ya miaka kumi na tano ya joto, huvunjika kwa kutazamwa tu. Ndiyo sababu ya plastiki zinazogongagonga barabara nzima ya Mwera baada ya "kazi ndogo ya redio".

Umeme hutolewa kwenye taa ya rivasi. Rangi za waya hutofautiana kati ya gari na gari, na anayekumbuka rangi kwa kichwa siku moja atachoma fyuzi ya breki. Multimita haina kumbukumbu ya kudanganya: ufunguo uwashwe bila injini, breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe rivasi, na waya unaoonyesha volti 12 hapo kisha sifuri gia ikitolewa ndio wenyewe. Balbu ya wati 21 hunywa karibu ampea 1.75, kamera hunywa sehemu ndogo tu ya hiyo, hivyo saketi haielemewi. Ethi hufungwa kwenye boliti iliyoshika bati tupu. Mistari inayotambaa kwenye picha, ambayo wateja huidhani ni ubovu wa kamera, mara nyingi ni ethi iliyofungwa juu ya rangi.

Na viungo vya waya? Desturi ya kusokota shaba kwa vidole na kuizungushia tepu nyeusi inaweza kuvumilika Dodoma. Kisiwani, joto hulainisha gundi ya tepu, tepu hufunuka, hewa ya chumvi huingia, na shaba hugeuka kijani hadi haipitishi kitu. Kuunga kwa risasi na kuvisha mrija unaosinyaa kwa moto ni kazi ya dakika kumi. Anayelipia kamera mpya kila mwaka hununua tena na tena kitu ambacho hakikuharibika.

Upande wa mbele ni mwepesi. Plagi ya njano huingia tundu lake. Waya mwembamba mwekundu unaoambatana nayo huunganishwa na ule wa redio ulioandikwa BACK, ili skrini ijue rivasi imeingia. Menyu inaweza kuuliza mfumo wa picha: PAL au NTSC. Japani ilitumia NTSC, na Zanzibar ilichagua PAL ilipoanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini hivi kabla Dar es Salaam haijapata televisheni yoyote. Vijana wanaobonyeza menyu hiyo hawana habari kwamba wanachagua upande katika shauri la zamani kuliko wazazi wao. Wakikosea, picha hupanda na kushuka au hupoteza rangi, nao hubonyeza tena. Kamera mpya za mfumo wa AHD zina picha kali zaidi, ila hazionekani kwenye redio isiyoielewa AHD. Hilo huulizwa dukani kabla ya kulipa.

Kisha picha hugeuzwa. Kamera inatazama nyuma, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwa dereva. Picha ikiachwa hivyo, dereva atakwepa ukuta kwa kuufuata. Kamera ya nyuma hupindua picha ifanane na kioo. Nyingi zina vitanzi viwili vya waya kwenye mkia: kwa kawaida kukata cha kijani hubadilisha upande wa picha, na kukata cheupe huondoa mistari ya rangi. Kabla ya kukata husomwa karatasi, kwa sababu watengenezaji hawajakubaliana.

Mistari hiyo mitatu, nyekundu, njano na kijani, ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Kamera za bei ya chini haziipimi. Ni mchoro tu uliobandikwa juu ya picha. Haijui upana wa Passo wala kimo ilipofungwa kamera. Kuipa maana ni rahisi: gari lisimame mahali tambarare, ndoo ziwekwe mita 1, 2 na 3 nyuma ya bampa, na pembe ya kamera irekebishwe hadi mstari mwekundu uguse ndoo ya kwanza. Nusu ya chini ya picha ionyeshe ukingo mwembamba wa bampa, la sivyo dereva hana cha kupimia. Lenzi pana ya digrii 150 na zaidi huvuta pembe zote ndani, na kwa kufanya hivyo husukuma kila kitu mbali. Baraza iliyo hatua moja huonekana iko hatua tatu.

Zaidi ya hayo, redio ya Android huamka polepole. Aliyewasha gari Forodhani na kutia rivasi hapohapo anaweza kurudi nyuma mita kadhaa kabla picha haijatokea, mbali sana na zile sekunde mbili za Marekani. Redio nzuri hutanguliza picha ya kamera hata kabla mfumo haujamaliza kuamka. Ya bei nafuu humwonyesha dereva nembo inayozunguka. Na hata picha ikiwepo, Vespa inayotoka kichochoroni kutoka ubavuni huingia kwenye skrini ikiwa imeshafika. Kwa hilo kamera haina dawa. Honi na kiganja cha mtu wa barazani bado vina kazi.

Fundi akimaliza, jaribio si kuingiza rivasi mara moja na kupokea pesa. Mwenye gari hukaa mbele na macho kwenye skrini, gia ikiwa rivasi na injini imezimwa. Fundi hufungua mlango wa nyuma hadi mwisho, huufunga kwa nguvu, hufungua tena, mara kumi, mara ishirini. Halafu humwaga ndoo ya maji juu ya bawaba na kuinua zulia la buti kuangalia kama kuna unyevu. Picha ikikatika hata mara moja, mpira unachomolewa upya.